Mama Anaumwa Kidogo

Ndege ya Songwe iliahirishwa tena, na safari hii hakuna aliyeguna. Watu wa lango la nne walishaguna asubuhi, wakaguna tena jua lilipopanda, na sasa midomo ilikuwa imekauka. Walikuwa wamekaa sakafuni, migongo wameegemeza ukutani, viatu wamevua. Wengine walikuwa wamefungua zawadi za vyakula walizokuwa wakiwapelekea ndugu zao, wanazila wenyewe polepole kwa aibu. Macho yote yalikuwa kwenye kibao kinachoonyesha joto la njia ya kurukia. Kiangazi cha miaka ile mwenye amri ya kuondoa ndege alikuwa jua, na rubani alikuwa akisubiri kama abiria mwingine yeyote.

"Hewa ikichemka inalegea, mama," Mbuke Lukanya, dada mhudumu wa lango, alikuwa akieleza kutoka nyuma ya kaunta, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mpaka likachoka. "Bawa halipati cha kushika. Upepo wa bahari ukiingia alasiri joto litashuka kidogo, na ndege itapaa. Lakini itapaa na watu pungufu."

"Pungufu kiasi gani?" aliuliza mama mmoja mnene wa Temeke, Bi. Sikitu, aliyekuwa akijipepea kwa kifuniko cha hotipoti.

"Theluthi watabaki."

"Basi semeni wazi kwamba sisi wengine tumekuja kuwasindikiza wenzetu."

Watu wakacheka kidogo. Bi. Sikitu alikuwa na haki ya kutania, maana kiti alikuwa nacho, ingawa cha mwisho kabisa. Alikuwa anakwenda Mbeya kwenye arobaini ya kuzaliwa kwa mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa binti yake wa pekee. Mizani ya pale kaunta ilimsikiliza, ikaona haja yake ni ya kweli ila ni nyepesi, ikamweka mkiani. "Mkia nao ni wa ng'ombe," alisema alipoliona jina lake chini kabisa ya ubao. "Ukiwa mkia, unafika alikofika ng'ombe."

Na barabara je? Barabara ya kutoka Dar kwenda nyanda za juu ilikuwa imefungwa mchana kutwa. Lami ilikuwa inang'ang'ania matairi, na mabasi yaliruhusiwa kutembea usiku tu, tena kwa msafara. Aliyetaka kufika leo alikuwa na ndege, au hana kitu.

*

Mizani hiyo haikuwa inapima kilo. Ilikuwa nguzo fupi ya rangi ya majivu kando ya kaunta, yenye kitundu cha kusemea, na iliwekwa pale kwa sababu ya uongo wetu wenyewe. Msimu wa kwanza wa majua makali viti vilikuwa vinagawanywa kwa maneno matupu: ukisema unakwenda msibani, unapanda. Basi nchi nzima ikafiwa. Inasimuliwa kwamba kulikuwa na mjomba mmoja wa Tukuyu aliyezikwa mara tatu kabla ya Krismasi, na mara ya tatu akaja mwenyewe uwanjani, na fimbo yake, kumpokea mwombolezaji.

Ndipo wataalamu wakaleta mashine inayosikiliza koo. Unasimama mbele yake unataja haja yako, nayo inafuata pumzi na mtetemo wa sauti mpaka ijue kama unachosema ndicho unachokiamini. Habari za dunia haizijui. Inachojua ni kilichomo kifuani mwako wakati ule. Na kwa kuwa wapo watu wanaoweza kuamini lolote wakikaa nalo usiku mmoja, ikaongezwa sharti la shahidi: mtu wa kule uendako apigiwe simu, aseme naye. Vinywa viwili vikikutana, kiti ni chako.

Wahudumu waliwekewa sharti lao pia. Maneno ya shahidi hayafikishwi kwa abiria. Mhudumu akimpa abiria cha kusema, taa nyekundu inawaka juu ya kaunta, naye anavua fulana ya kazi siku hiyo hiyo. Mbuke alikuwa ameona wenzake wawili wakiondoka hivyo, na hakuwahi kuwaonea huruma sana. Walikuwa wakiuza maneno.

Adhuhuri ilipopita akaja mwanamke mmoja wa umri wa miaka thelathini na kitu, mikono ina makovu madogo ya kuungua, begi moja begani. Aliamkia kwa heshima ingawa Mbuke hakuwa amemzidi miaka mingi.

"Naitwa Tusekile Mwaipaja. Nakwenda Rungwe. Sina nafasi, nimekuja kuomba."

"Kazi yako, dada?"

"Fundi wa majokofu."

"Msimu wenu huu."

"Ndiyo maana miaka miwili sijafika nyumbani," Tusekile alisema, akaangalia mikono yake. "Kiangazi ndiyo tunakula."

Mbuke akamwonyesha nguzo. Tusekile akaisogelea, akakohoa kidogo.

"Mama anaumwa," aliiambia. "Anaumwa kidogo. Mjomba amesema nije."

Mizani ikawaza. Kwenye kioo cha Mbuke maneno yakatokea: haja ya kweli, uzito mdogo sana. Jina la Tusekile likaenda kukaa nje ya mstari wa wanaopanda, watu wanne chini ya Bi. Sikitu. Kwa siku kama ile, chini ya mstari ni kubaki.

"Ngoja tumpigie shahidi," Mbuke alisema. "Wakati mwingine husaidia."

*

Shahidi alikuwa mzee Ambakisye, kaka yake mama mtu. Sauti yake iliingia moja kwa moja kwenye kisikizi cha Mbuke, na nyuma yake Mbuke akasikia watu wengi. Hawakuwa wanapiga kelele. Ilikuwa ile minong'ono ya watu wengi waliokaa chini mahali pamoja, na katikati yake mwanamke mmoja akiimba bila kupandisha sauti.

"Shikamoo, mzee. Napiga kutoka uwanja wa ndege, Dar. Ninaye hapa Tusekile. Naomba unithibitishie hali ya mama yake."

Mzee akashusha sauti. "Yuko karibu? Anakusikia?"

"Hapana, mzee. Amekwenda kunywa maji."

"Dada yangu ametutoka jana jioni," mzee alisema. "Sasa nisikilize, mwanangu. Huyo binti tumemwambia mama anaumwa kidogo. Yuko peke yake huko, hana mume wala ndugu. Usimwambie. Akifika hapa getini watamwona wenyewe, watampokea wakubwa. Ndivyo tunavyofanya."

"Najua, mzee. Na kwetu ndivyo. Maziko ni lini?"

"Leo saa kumi. Umeme wa hospitali ni wa mgao, maiti haihifadhiki, na bwana afya ametupa mwisho saa hiyo hiyo. Akiwa ndani ya hiyo ndege, mimi nitakwenda kumpigia magoti huyo bwana afya atuachie mpaka jua lizame. Lakini nikimwambia tunamsubiri mtu asiye na hata kiti, atanicheka. Mpatie kiti, mwanangu. Atamwona mama yake."

"Mzee, ili apate kiti lazima aseme mwenyewe kwamba amefiwa. Na lazima aamini anachosema."

"Haiwezekani umwandikie wewe?"

"Mashine haisomi ninachoandika mimi."

Minong'ono ile ikaendelea upande wa pili. Mzee Ambakisye akashusha pumzi. "Basi ikishindikana, imeshindikana," alisema. "Atakuja kulikuta kaburi. Lakini usimwambie peke yake katikati ya watu asiowajua. Nakuomba." Akakata simu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi wa leo tumegeuza, tunakificha kifo nyuma ya maradhi, na hatufanyi hivyo kwa ubaya. Anayesafiri na habari ya msiba husafiri vibaya. Hugongwa na magari, huzimia vituoni, huibiwa. Kwa hiyo anaambiwa kaumwa, kalazwa, njoo kidogo, na kila mtu njiani anashika neno hilo hilo mpaka mgeni aone maturubai. Ni uongo unaobebwa na ukoo mzima kwa mapenzi. Aliyeitengeneza ile nguzo alifikiria kila aina ya mwongo isipokuwa ndugu wanaokupenda.

Mbuke akabaki amekaa. Kwenye kioo jina la Tusekile lilikuwa palepale chini ya mstari. Akinyamaza, atakuwa ametii kazi yake, amemtii na mzee. Jioni huyu dada atapanda msafara wa basi, atakesha njiani akimnunulia mgonjwa machungwa kila kituo, na kesho atakabidhiwa kichuguu cha udongo mbichi. Akisema, atakuwa amempiga mtu msiba akiwa amesimama kwenye foleni, halafu yeye mwenyewe atarudi nyumbani bila kazi. Aliwaza hata kumwuliza: dada, ungependa kuambiwa? Lakini swali hilo halina namna ya kuulizwa. Ukimwuliza mtu kama anataka kuambiwa, umeshamwambia.

Alijiuliza yeye angetaka nini, ingekuwa mama yake wa Shinyanga.

"Amesemaje mjomba?" Tusekile alikuwa amerudi kaunta.

Mbuke akafungua mdomo. "Amesema wanakusubiri."

"Alikusalimia vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Tusekile akatikisa kichwa polepole. "Leo wote wananisalimia vizuri. Mama mdogo hajanisemesha tangu mwaka juzi, tuligombana. Asubuhi kanipigia, ananiuliza kama nimekula." Kisha akasema haraka, "Basi. Anaumwa kidogo tu." Akaenda kusimama dirishani. Sakafu ilikuwa na nafasi tele, lakini hakukaa.

*

Upepo wa bahari ukaingia. Kibao cha joto kikaanza kushuka, na sauti ikatangaza kwamba ndege ya Songwe itapokea watu muda si mrefu, walio juu ya mstari tu.

Mbuke akasimama. Akavua fulana yenye nembo ya uwanja, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, kisha akatoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo wahudumu hawafanyi. Hakwenda kwa Tusekile kwanza. Alimwendea Bi. Sikitu, akachuchumaa mbele yake. Bi. Sikitu alimtazama usoni mara moja tu. Wanawake wazima wa nchi hii hawahitaji kuelezwa sura ile.

"Yupi?" aliuliza kwa chini.

"Yule wa dirishani."

Bi. Sikitu akaacha kujipepea. Akatoa kanga kwenye mkoba wake, mpya, bado imeshikana pindo. Ilikuwa ya mzazi, mama wa mtoto wa arobaini. Akaitandika sakafuni karibu na ukuta. Akawagusa bega wanawake wawili waliokuwa jirani, mmoja mwanafunzi na mwingine mfanyabiashara wa vitenge, nao wakasogea bila kuuliza. Wanaume waliokuwa karibu wakaona, wakainuka, wakaenda kusimama mbali.

"Tusekile," Mbuke aliita. "Njoo ukae hapa nasi."

Tusekile akageuka. Aliiona kanga, akawaona wanawake wamekaa duara wakiacha nafasi ya mtu mmoja. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kioo.

"Sitaki kukaa."

"Sawa, mwanangu," Bi. Sikitu alisema.

"Nikikaa mtaniambia. Niacheni nisimame."

"Simama. Hatuondoki."

Hakuna aliyemwendea. Nje ya dirisha lile wahudumu walikuwa wameanza kusogeza ngazi kwenye ndege. Mbuke aliiona ngazi, akajua dakika zinakwenda, na bado hakusema kitu, kwa sababu hapo ndipo alipopata jibu la swali lisiloulizika: nafasi ile kwenye kanga ilikuwa ndiyo swali. Tusekile aliitazama muda mrefu. Aliweka begi chini, akalichukua tena. Kisha akavua viatu vyake, akavipanga vizuri kando kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu, akaja akakaa.

Bi. Sikitu akampokea kiunoni. Mwanafunzi akamshika mkono mmoja, Mbuke akaushika wa pili.

"Dada, mama ametutoka," Mbuke alisema. "Jana jioni. Wanazika leo, na mjomba amesema ukipata ndege watakungoja. Pole. Pole sana."

Tusekile alilia. Sitaki kueleza kilio cha mtu. Aliyewahi kufiwa anakijua, na ambaye hajafiwa asiwe na haraka. Alimwita mama yake kwa Kinyakyusa, akawaambia watu asiowajua kwamba machungwa ameshanunua. Walimshika kwa nguvu, hakuanguka popote. Mfanyabiashara wa vitenge alilia naye, ya kwake labda, hakuna aliyeuliza.

Kilio kilipopungua, Bi. Sikitu akamfuta uso kwa pindo la kanga. "Sasa inuka, mwanangu. Ukaliambie lile dude."

"Siwezi."

"Utaweza. Nimekushika."

"Mama," Mbuke alimnong'oneza Bi. Sikitu sikioni, "akisema, anapanda yeye. Na anayeshuka ni wa mwisho."

"Unadhani sijui kusoma?" Bi. Sikitu alimjibu. Macho yake yalikuwa mekundu alipoitazama kanga ile ya mzazi. Alikuwa ameisubiri safari hiyo tangu mtoto azaliwe, na arobaini haina kesho yake. "Nyanyua upande huo."

Wakamfikisha. Tusekile akaweka paji la uso kwenye nguzo, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo.

"Mama yangu amefariki. Nakwenda kumzika."

Mizani haikuwaza. Kule ubaoni jina lake likapanda mpaka juu kabisa, majina yote yakasogea nafasi moja, na la Bi. Sikitu likavuka mstari kwenda chini. Kisha taa nyekundu ikawaka juu ya kaunta isiyo na mtu.

*

Mlango wa wafanyakazi unatokea upande wa maegesho, kwenye jua. Mbuke alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji pale nje, begi lake mapajani, kitambulisho wameshakichukua. Mkuu wa zamu hakuwa amemfokea. Alimwambia tu kwamba sheria anaijua, na akamfungulia mlango mwenyewe. Ndani, Bi. Sikitu alikuwa akizungumza na binti yake kwenye simu, akimwelekeza jinsi ya kumbeba mtoto kumtoa nje, hatua kwa hatua, kwa sauti ya kuchangamka.

Ndege ya Songwe ikapita juu, nzito, ikapanda taratibu mpaka ikashika njia ya magharibi. Mbuke aliifuata kwa macho, halafu akachukua simu yake mwenyewe na kupiga.

"Mzee, ni mimi wa uwanjani. Ameondoka. Yumo ndani ya ndege."

"Yumo?" Mzee Ambakisye alipandisha sauti. "Ilikuwaje? Mashine ilikubali?" Kisha akaelewa, na sauti ikawa nyingine. "Umemwambia."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuomba."

"Uliniomba. Nisamehe."

Mbuke aliisikia tena ile minong'ono, na mwanamke yule bado anaimba.

"Ulimwambia amesimama?" mzee aliuliza.

"Hapana. Alikaa. Alikaa mwenyewe."

"Chini?"

"Chini, kwenye kanga. Viatu alivua."

"Nani alimshika?"

"Mama mmoja wa Temeke. Na wanawake wengine wawili. Na mimi."

"Alilia?"

"Alilia sana, mzee. Tulimwacha alie."

Mzee Ambakisye akaondoa simu mdomoni, akasema na watu kwa lugha yao. Mbuke hakujua Kinyakyusa, lakini alisikia majembe yakiwekwa chini, moja baada ya jingine, na mtu akitumwa mbio kwa bwana afya. Mzee akarudi.

"Tutamngoja," alisema. "Hata giza likiingia, tutamngoja."

"Asante, mzee."

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi nini, mzee?"

"Habari hiyo ulikuwa nayo tangu mchana, peke yako. Wewe nani alikushika?"

Mbuke alitaka kujibu kwamba yeye hajambo, kwamba ilikuwa kazi tu. Mzee hakukata simu. Alikaa upande wa pili akisubiri, na Mbuke akaanza kulia.